Mnada wa Baada ya Ibada

Jogoo alifika elfu arobaini, na watu wakacheka kwa raha, maana kila aliyesimama pale nje ya kanisa alijua kwamba sokoni jogoo wa namna ile hafiki nusu ya bei hiyo. Aliyemnunua akamrudisha mezani auzwe tena. Filemoni Kalinga, mpiga mnada wa usharika, akamnyanyua juu kwa miguu na kumsogezea maiki mdomoni, kana kwamba anamwomba naye aseme neno.

"Huyu amekataa kuchinjwa," alisema. "Anataka kuezeka kanisa kwanza. Elfu arobaini na tano, nani?"

Siku nyingine za wiki Filemoni alikuwa mpimaji tu katika stoo ya nafaka ya Sosthenes, hapo hapo Kihesa, mtu wa kuitwa kwa mluzi. Jumapili alikuwa mtu. Waliompita barabarani bila kumsalimia walikuwa wakisubiri ibada iishe ili wamsikie. Mke wake, Sekela, aliyeolewa kutoka milima ya Mbeya, alimtazama kutoka kwenye kundi la kina mama na kucheka pamoja nao, kwa sababu nyumbani mzaha ule hakuuona.

Baada ya kuku yalikuja mayai, maparachichi na mafungu ya viazi. Mwisho yalikuja mahindi. Msimu uliopita mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na kufika mwezi huu wa pili nyumba nyingi zilikuwa zimeshakung'uta magunia. Hata hivyo baraza la wazee lilitangaza kwamba kila kaya ilete ndoo moja kwa ajili ya bati, na ili asiwepo wa kusema hakusikia, wazee walipita nyumba kwa nyumba kukumbusha.

Ndoo zilipangwa mstari mbele ya meza. Mnunuzi wake alijulikana. Sosthenes alikuwa ameahidi bati za upande mzima wa paa, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumpandia dau. Kwa kawaida alitaja bei moja kwa ndoo zote, bei iliyo chini ya ile ya dukani kwake. Watu walipiga makofi, na kesho yake mahindi yalikuwa kwenye magunia yake, yanauzwa kwa kilo kwa wale wale waliopiga makofi. Mambo yalikwenda hivyo kila mwaka. Tofauti ni kwamba miaka mingine watu walikuwa wameshiba.

Sekela aliiona ndoo nyeupe iliyofungwa kamba mahali pa mpini. Aliijua. Jana yake alikwenda kumsalimia mwenyewe, Bibi Apolonia, mjane wa jumuiya yao, akamkuta anachemsha majani ya maboga peke yake jikoni, hakuna sufuria nyingine. Bibi alisema ugali alishakula mapema. Sekela aliangalia jiwe la kusagia, kinu, ungo, vyote vikavu na safi. Alipoulizia mahindi, Bibi alijibu kwamba aliyokuwa nayo ameshayapeleka kanisani, mzee wa kanisa alipita.

Filemoni aliposema, "Sasa mahindi ya Bwana," Sekela alitoka kwenye kundi, akaenda mpaka mbele ya meza, akainua ndoo nyeupe.

"Hii haiuzwi," alisema.

Filemoni alidhani ni mzaha, akataka kuuendeleza. Kisha akaona uso wa mkewe. "Mama Blessing, weka chini," alisema kwa sauti ya chini, ila maiki ilikuwa bado mdomoni, na uwanja mzima ukasikia.

"Mwenye ndoo hii jana amelalia majani ya maboga."

"Ndoo ya nani?" aliuliza Sosthenes. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

Sekela alijibu kabla hajafikiri. "Ya Bibi Apolonia."

Watu wote waligeuka. Bibi Apolonia alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa na nguo yake nzuri ya Meza ya Bwana, kilemba kimenyooka. Aliwatazama wote waliomtazama, mmoja mmoja, kisha akainamisha kichwa na kuanza kutafuta kitu kwenye kimkoba chake ambacho hakikuwamo.

*

"Nani alikutuma?" aliuliza Bibi Apolonia.

Sekela alikuwa amesimama mlangoni kwa bibi, ndoo mkononi, jasho likimtoka. Alikuwa ameibeba njia nzima.

"Hakuna, bibi. Niliona si haki."

"Niliwahi kuja kwako kuomba?"

"Hapana."

"Niliwahi kukwambia nina njaa?"

"Hukusema. Lakini niliona."

"Uliona." Bibi alirudia neno hilo taratibu. "Marehemu alipozikwa, kanisa lile lilimwimbia. Miaka yote hii sikukosa sadaka hata Jumapili moja. Leo kila mtoto wa Kihesa anajua nimelala na nini tumboni. Umenivua nguo, Sekela. Mbele za watu, na maiki juu."

"Walikuwa wanakuibia, bibi."

"Mimi nilitoa. Aliyeniibia ni wewe."

Sekela aliweka ndoo kizingitini na kuondoka bila kuaga, kwa sababu hakujua ataaga kwa maneno gani. Kesho yake asubuhi watu waliokuwa dukani walimwona Bibi Apolonia akipandisha mlima kwenda kanisani, ndoo kichwani, akisimama kila baada ya hatua chache kushika kiuno. Aliikabidhi kwa Peter, katibu wa baraza, akadai aandikiwe stakabadhi. Akaandikiwa. Mchana ndoo ile ikawa imefika kwa Sosthenes.

*

Filemoni hakula Jumapili ile. Alikaa kwenye kochi na suti yake, tai imelegezwa, na kila Sekela alipopita alimsemesha mgongo.

"Unajua tunakula kwa nani humu ndani?"

"Kwa Mungu."

"Usinijibu kama mwinjilisti. Unga ule pale jikoni umetoka kwa nani? Ada ya Blessing mwezi wa kwanza, nani alinikopesha?"

"Na ndiyo maana unamnadia mahindi ya wajane."

Blessing, binti yao, alikuwa chumbani na mlango wazi. Alikuwa kidato cha pili na alishatumiwa kwenye simu ya rafiki yake picha ya mama yake akiwa ameikumbatia ndoo. Chini ya picha mtu aliandika "mwizi wa sadaka" na kuweka vikatuni vya kucheka. Hakuwaambia.

"Mimi sinadi mahindi ya wajane," Filemoni alisema. "Nanadi kinacholetwa mezani. Kikiletwa jiwe nitanadi jiwe. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kwetu Mbeya jogoo ananadiwa, miwa inanadiwa. Mwezi wa njaa nafaka hainadiwi. Inakaa kanisani, asiyekuwa nayo anakwenda kuchukua."

"Kwenu Mbeya." Filemoni alicheka vibaya. "Wanawake wa Mbeya tuliambiwa, tukajifanya hatusikii. Mdomo. Mama yangu aliniambia."

"Mama yako alikula kwa mikono yangu mpaka siku anakufa. Usimlete hapa."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimwudhi Filemoni zaidi. Alivua tai, akaizungusha mkononi, akaitupa kitini.

"Ungeniambia kabla," alisema mwishowe. "Ungeniambia nyumbani. Mimi ningejua la kufanya."

"Ungefanya nini?"

Filemoni aliinuka kwenye kochi. Akaenda kulala na jua bado liko juu.

*

Sosthenes hakumfukuza. Filemoni alikuwa amejiandaa kufukuzwa, na njiani alishatunga maneno ya kuombea msamaha, lakini tajiri yake alimkaribisha kama siku zote na kumwambia afungue milango. Ni mpaka wateja walipojaa ndipo alipoanza.

"Filemoni, haya mahindi ya pembeni ni ya Mungu au ni yangu?"

"Ni yako, bosi."

"Una hakika? Mpigie shemeji kwanza. Tusije tukauza, kisha akaja kubeba."

Wateja walicheka. Vijana waliokuwa wakishusha mpunga uliotoka Madibira walicheka zaidi, na mmoja akajitwisha ndoo tupu na kutembea kwa mikogo ya kike. Filemoni naye alicheka, kwa sababu mtu anayechekwa na tajiri wake hana kingine cha kufanya na uso wake. Mzaha huo ulirudiwa kila mteja mpya alipoingia, siku ile na zilizofuata.

Jumatano alikuja Pendo, mama kijana wa kwaya, mtoto mgongoni. Mumewe alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miti na hajaleta habari. Aliomba kilo nne. Filemoni akachota kwenye gunia la pembeni, akamwaga kwenye sinia la mizani. Kati ya punje nyeupe zilikuwamo punje za zambarau, zile za mbegu ya zamani ambayo siku hizi wachache wanaipanda.

Pendo alizitazama zile punje. Akachukua moja, akaigeuza kidoleni.

"Kaka Filemoni, haya si ndiyo niliyoleta Jumapili?"

"Mahindi yanafanana, dada."

"Haya yanatoka shambani kwa mama, Kilolo. Nilileta ndoo." Hakusema kwa ukali. Alifungua fundo la kanga, akatazama fedha zake, akafunga tena. "Basi toa kidogo. Nipe tatu."

Filemoni alipunguza. Mshale wa mizani ulirudi nyuma. Sosthenes alikuwa nyuma yake anazungumza na simu, anacheka na mtu wa Makambako kuhusu bei. Filemoni alifunga mfuko, akampa Pendo, na yeye akasema asante. Hiyo asante ilikaa na Filemoni mchana kutwa. Alijaribu kuitoa kwa kunywa chai, kwa kupanga magunia, kwa kumgombeza mpakuaji mmoja bila sababu, ikakataa kutoka.

*

Baraza la wazee lilikaa Ijumaa jioni katika ofisi ya usharika. Sekela aliwekwa kwenye kiti kilichokuwa peke yake upande mmoja wa meza. Filemoni aliitwa naye, akapewa benchi karibu na mlango. Hakuna aliyesema kwa nini.

Peter, katibu, mwalimu mstaafu, alisoma kosa kwa sauti ya darasani. Kuondoa sadaka mahali palipowekwa wakfu. Kuvuruga ibada.

"Ibada ilikuwa imekwisha," alisema Sekela. "Mchungaji alishatoa baraka. Ule ulikuwa mnada."

"Mnada ni sehemu ya ibada."

"Basi ibada ina bei."

Mchungaji Clement aliinua mkono kuomba utulivu. Alikuwa kijana, mwaka wake wa pili pale, na jimboni walimpeleka kwa sharti moja tu lisiloandikwa popote: amalize jengo. Usiku alikuwa akiota bati. Alimpenda Sekela, ndiye aliyekuwa akiongoza maombi ya jumuiya vizuri kuliko wote, na alitamani sana aseme tu samahani ili kikao kifungwe.

"Mama Blessing," alisema kwa upole, "sadaka ni siri ya mtu na Mungu wake. Hata yule mjane wa kwenye Injili alitoa vyote alivyokuwa navyo. Bwana hakumzuia."

"Hakumzuia, mchungaji. Lakini na hazina ya hekalu haikwenda kumgongea mlango. Bibi Apolonia aligongewa. Mimi niligongewa. Mlituambia asiyetoa jina lake litasomwa."

Wazee wawili walitazamana. Mmoja wao ndiye aliyegonga.

"Hapa sio Mbeya," alisema huyo. "Mmezoea kugombana na makanisa yenu mkayagawa vipande vipande. Sisi Wahehe tuna adabu."

"Na Bibi Apolonia mwenyewe aliirudisha ndoo," Peter aliongeza, akionyesha nakala ya stakabadhi. "Uliyemtetea amekukana. Hilo hulioni?"

Sekela aliitazama ile nakala. Katika yote yaliyosemwa hilo ndilo lililompata, na Peter akaona limempata, akaisogeza nakala karibu yake ili lizidi kuingia.

"Filemoni," alisema kisha, "wewe ni mwenzetu. Nyumba yako unaiongoza mwenyewe, au tukusaidie?"

Kila mtu alimgeukia mtu wa benchi la mlangoni. Huyu ndiye aliyewachekesha miaka yote. Walimsubiri aseme kitu, hata mzaha, awape njia ya kutokea. Filemoni aliangalia mikono yake.

"Sina la kusema," alijibu.

Waliamua kwamba Jumapili Sekela asimame mbele ya usharika na kutubu. Akikataa, asikaribie Meza ya Bwana mpaka baraza litakapoamua vingine. Njiani kurudi nyumbani mume na mke walitembea mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule, na jirani aliyewapita akawasalimia kamwene, wakaitikia kila mtu kwa wakati wake.

*

Jumapili kanisa lilijaa hata walioacha kuja. Mchungaji alipomwita, Sekela alipita mbele, akageuka. Alikuwa amekunja karatasi ambayo Peter alimwandikia maneno ya kusoma. Hakuifungua.

"Nimekuja kutubu," alisema. "Jumapili iliyopita nilitaja jina la Bibi Apolonia mbele ya watu. Nilisema alichokula. Sikuwa na ruhusa yake. Nilimdhalilisha mama wa watu, mtu aliyenipokea nilipofika hapa sijui hata njia ya mtoni. Bibi, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Bibi Apolonia alikuwa benchi la mbele. Alitazama msalaba, si Sekela, na hakutikisa kichwa.

"Na ndoo?" Peter aliuliza kutoka kiti chake.

"Kuhusu ndoo sina toba. Nikisema ninayo nitakuwa nadanganya, na hapa ni madhabahuni."

Minong'ono ilipanda. Mtu nyuma alisema, "Ana kiburi huyu." Mwingine akasema atolewe. Mchungaji Clement alisimama katikati, jasho likimtiririka chini ya kola, akafanya alichoweza, nacho hakikuwa kikubwa: akatangaza wimbo. Meza ya Bwana ilipotandikwa Sekela alibaki kwenye benchi, na waliokuwa wakipita kwenda mbele walivuta nguo zao zisimguse magoti. Blessing, ambaye ndiyo kwanza amebarikiwa kipaimara mwaka jana, alisimama kwenda, akafika katikati ya njia, akarudi na kukaa kando ya mama yake. Sekela alimwambia kwa kunong'ona aende. Hakwenda.

Filemoni aliwaona kutoka kwenye mstari. Alipokea, akarudi mahali pake, akakaa.

Nje meza ilikuwa tayari. Jogoo mmoja, mayai, ndizi, na mstari wa ndoo za mahindi, mfupi kuliko wa wiki iliyopita. Filemoni alichukua maiki. Watu walisogea wakitabasamu, wakimtakia heri, wakitaka awaondolee uzito wa ibada. Alimnadi jogoo haraka na bila maneno mengi, na mayai, na ndizi. Akafika kwenye mahindi. Sosthenes alikohoa kidogo na kupiga hatua mbele, kama ilivyo desturi.

Filemoni aliinua ndoo ya kwanza.

"Nanadi ndoo moja moja," alisema. "Tunaanzia mia tano. Dada Pendo, nimeona mkono wako."

Pendo alikuwa ameinua mkono kumweka vizuri mtoto mgongoni. Alifungua mdomo.

"Mia tano dada Pendo mara ya kwanza ya pili ya tatu imeuzwa." Alisema yote kwa pumzi moja, akamkabidhi. "Ndoo nyingine. Mia tano. Mama mwenye kitenge cha njano mara ya kwanza ya pili ya tatu imeuzwa."

Ilichukua ndoo kadhaa kabla watu hawajaelewa kwamba huu si mzaha, na wengine waliendelea kucheka hata baada ya kuelewa, kwa hofu. Filemoni hakuwa akitazama mikono iliyoinuliwa. Alikuwa akitafuta kwa macho, na aliwajua wote, kwa sababu mpimaji wa stoo anajua nani siku hizi ananunua kilo, nani nusu, na nani amekoma kuja.

"Laki mbili, zote," alisema Sosthenes.

"Mzee, hapa tunauza ndoo moja. Subiri zamu yako."

"Nimesema laki mbili, Filemoni."

"Mia tano yule baba pale mlangoni mara ya kwanza ya pili ya tatu imeuzwa."

Peter aliruka kutoka kwenye ngazi na kumpokonya maiki. Filemoni akaiachia. Sauti yake haikuihitaji, ilikuwa imezoea uwanja ule. Akamaliza ndoo zilizobaki kwa mdomo mtupu, huku Peter akisema kwenye maiki kwamba mnada umefutwa, mnada umefutwa, wote walionunua warudishe. Kina mama walizishika ndoo. Pendo alikuwa ameshatoka getini na yake kichwani, anakwenda haraka bila kukimbia.

Sosthenes alimsogelea Filemoni mpaka karibu. Hakupaza sauti.

"Kesho usije."

"Ndiyo, bosi."

"Na lile deni la ada nalitaka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo."

*

"Ungeniambia," Sekela alisema walipofika nyumbani. Hakujua kama alichokuwa nacho ni furaha au hasira. "Ungeniambia kabla. Tutalipa nini? Tutakula nini?"

"Na wewe uliniambia?"

Ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya siku ile. Wengine wangedhani kitendo kile kingewarudisha pamoja, lakini nyumba isiyo na mshahara haina nafasi kwa mambo hayo. Filemoni alianza kwenda alfajiri kwenye maegesho ya malori, kuungana na vijana wanaopakia mbao, na wao hawakuwa na haja ya mtu mzima wa miaka yake. Siku nyingine alirudi na hela ya nyanya. Walikuwa wakigombana kwa chumvi, kwa mkaa, kwa mlango uliofungwa kwa kishindo.

Sosthenes aliondoa ahadi ya bati na kuhamia usharika mwingine, ambako alipokelewa kwa shangwe. Wazee waliwalaani Filemoni na mkewe, na kina mama wengi waliwalaani pamoja nao, wakiwamo baadhi ya walioondoka na ndoo. Lakini Jumapili iliyofuata mezani pakaja jogoo mmoja na fungu la maparachichi. Hapakuwa na punje ya hindi. Jumapili nyingine ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyepanga, hakuna mkutano uliokaa. Kila mama alikuwa tu amefikia uamuzi huo jikoni kwake, na mzee wa kanisa alipogonga aliambiwa mahindi hayajapukuchuliwa.

Meza tupu iliwatisha wazee kuliko alivyowatisha Sekela. Mchungaji Clement aliona mlango umefunguka, na kwa mara ya kwanza tangu afike akasema kitu barazani bila kutazama kwanza nyuso: nafaka isinadiwe mpaka mavuno mapya. Atakayetoa atoe, iwekwe chumba kile cha nyuma ya madhabahu. Asiyekuwa nayo aje achukue. Asiandikwe, asisomwe, asiulizwe. Walibishana mpaka taa zikawashwa. Peter alisema watu watachukua na kwenda kuuza. Mzee mwingine akasema jimbo litauliza. Likapita kwa tofauti ya kura moja, na waliokuwa wamelikataa wakatoa sharti: chumba kisimamiwe na Sekela, ili siku likiharibika ajulikane wa kumlaumu.

Mahindi yalikuja. Si mengi, ila yalikuja, na maharage kidogo. Wa kuyachukua hawakuja. Sekela alikuwa akikaa humo Jumamosi mchana, kwenye kigoda, kati ya magunia, akisikiliza kwaya ikifanya mazoezi uwanjani. Watu wenye njaa walipita getini, wakatazama chumba, wakatazama kwaya, wakaendelea na safari zao. Alianza kuamini kwamba Peter ataambiwa alikuwa na haki, na kwamba mahindi yale yataliwa na panya, na nyumba yake imevunjika bure.

Jumamosi moja mlango ulisukumwa. Alikuwa Bibi Apolonia, na kiroba kimekunjwa kwapani. Amekonda. Tangu siku ya ndoo alikuwa hajamsemesha Sekela hata neno.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Alifungua kiroba, akakishika mdomo wazi.

Sekela alichota kwa bakuli, akamimina, akachota tena. Punje chache zikamwagika sakafuni.

"Jaza," alisema Bibi Apolonia. "Unapima kama dukani."

Akajaza. Nje kwaya ilikuwa imefika kwenye sauti ya pili, wanarudia mstari ule ule. Sekela alimfungia kiroba, akamsaidia kukiweka kichwani, kisha akavuta komeo la mlango mdogo unaotokea kwenye miti, ambako hapakuwa na mtu.

"Pitia huku nyuma, bibi. Huku hawatakuona."

Bibi Apolonia alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Nipite nyuma kwani nimeiba?"

Akageuka, akafungua mlango mkubwa, akashuka ngazi taratibu na mzigo wake, akakatisha katikati ya uwanja mbele ya kwaya yote.